Mkate na Amana ya Mwokaji
(Taarikh ya mikate ya Mayahudi, na khabari za wale wasioweza kula ngano)

Bismillahir Rahmanir Rahim.





Mkate ni chakula cha kila siku, na kwa kuwa ni cha kila siku mtu huula bila ya kuuliza umetoka wapi. Lakini wako watu wa namna mbili ambao hawatii tonge la mkate kinywani mpaka wamjue aliyeuoka na vipi ameuoka. Wa kwanza ni Myahudi ashikaye dini yake, kwani mkate kwake una sheria nyingi. Wa pili ni mgonjwa ambaye ngano inamdhuru matumbo. Na wapo waliokutwa na yote mawili pamoja: Myahudi ambaye dini yake inamwamrisha ale mkate wa ngano usiku maalumu wa mwaka, na mwili wake hauukubali.

Khabari za watu hawa zinatuhusu. Watoto wetu wa pwani wametawanyika, wako London, Toronto, Dubai na kwengineko, na katika baadhi ya miji hiyo maduka ya mikate ya Kiyahudi na maduka ya mikate isiyo na ngano ni jirani zao. Tena maradhi ya ngano hayachagui taifa. Huenda katika nyumba ya mmoja wetu yupo mtoto ambaye tumbo halimpoi, mwili haunawiri, na kila siku anasukumiwa mkate wa chai kwa kudhaniwa kuwa ndio utakaompa nguvu.

Basi hebu tuifuate taarikh hii tangu mwanzo wake.

MKATE WA BANI ISRAIL

Kila Mwislamu anaijua khabari ya Nabii Musa (A.S.) na kutoka kwa Bani Israil Misri. Katika Taurati waliyonayo Mayahudi imeelezwa kuwa watu wale walitoka kwa haraka, unga wao haukuwahi kuumuka, wakauoka vivyo hivyo. Kwa ukumbusho wa hayo, kila mwaka katika idi yao ya Pesah, wao hukaa siku 7 (na wale wa nje ya nchi yao siku 8) bila ya kula wala kuweka nyumbani chochote kilichotiwa hamira. Mkate wa siku hizo huitwa matza. Ni unga na maji tu, umesukumwa ukawa mwembamba kama karatasi nene, ukatobolewatobolewa vitundu usije ukafura, ukaokwa katika moto mkali.

Sasa tazama sharti zake. Wanazuoni wao wameandika katika Mishna, kitabu kilichokusanywa kiasi cha mwaka 200 Miladi, kwamba matza ya faradhi haifai ila kwa nafaka 5. Walivyozifasiri wengi wao, nafaka hizo ni ngano ya kawaida, ngano ya kale yenye ganda gumu ambayo Wazungu huiita spelt, shayiri, rai, na oti, yaani ile nafaka ya uji wa Quaker. Mchele haumo. Mtama haumo. Hoja yao ni kwamba nafaka hizo 5 ndizo zinazoumuka kikweli, na kisichoweza kuumuka hakiwezi kuwa mkate wa kukumbukia mkate ambao haukuumuka.

Tangu maji yaguse unga mpaka matza iingie tanurini zisipite dakika 18. Zikipita, donge lile hutupwa. Meza hufutwa, miti ya kusukumia hubadilishwa au hukwaruzwa, mikono huoshwa, ndipo lianze donge jipya. Tena iko namna iitwayo shmura, maana yake iliyolindwa: ngano yake hulindwa isiguswe na maji tangu siku ya kuvunwa, na mlinzi husimama juu yake shambani, kinuni na tanurini.

Likumbuke, ndugu msomaji, neno hili la ulinzi, kwani tutalirudia mbele.

Mkate wao mwengine mashuhuri ni challah, mkate wa siku ya Sabato. Asili ya jina hili ni kile kipande cha donge ambacho Taurati imeamrisha kitengwe na kutolewa sadaka kwa makuhani. Hekalu lilipovunjwa mwaka 70 Miladi hapakuwa tena na wa kupewa, lakini mpaka leo mwanamke wa Kiyahudi anayekanda unga mwingi hukata kipande kidogo akakichoma moto, kwa kuiadhimisha amri ile. Usiku wa kuamkia Jumamosi huweka mikate miwili mezani, imefunikwa kitambaa, kukumbuka ile Manna waliyoteremshiwa jangwani, ambayo siku ya Ijumaa ilikuwa ikiteremka sehemu mbili. Manna na Salwa hata sisi tunaisoma katika Sura ya Al-Baqara. Huko Ulaya challah ikawa mkate laini wa mayai, uliosukwa kama nywele.

KATIKA MIJI YA WAISLAMU

Mayahudi wengi katika karne za kati waliishi chini ya dola za Kiislamu, na mikate yao ilikulia katika masoko yetu. Ushahidi ulipatikana Misri, katika sinagogi ya Ben Ezra mjini Fustat, yaani Misri ya Kale. Palikuwa na chumba wakitupia karatasi kuukuu wasizotaka kuzichoma kwa kuwa huenda zina jina la Mwenyezi Mungu. Mwanachuoni Solomon Schechter alizichukua nyingi akazipeleka Cambridge mwaka 1896 na 1897, na baada yake S. D. Goitein akatumia umri wake kuzisoma. Humo mna mikataba, barua za wafanyabiashara wa bahari ya Hindi, na orodha za mafukara waliokuwa wakigawiwa mikate ya sadaka mara 2 kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Wajane wamo, wageni wamo, na wasioona wamo. Mkate wa Jumanne na Ijumaa ulikuwa ndio maisha yao.

Katika zama hizo hizo serikali za Kiislamu zilikuwa na ofisa aitwaye muhtasib, mwangalizi wa masoko. Katika karne ya 12 mwanachuoni wa Sham, ash-Shayzari, aliandika kitabu cha kumwongoza mwangalizi huyo, na waokaji mikate akawapa mlango wao. Mkandaji asikande kwa miguu. Afunge kitambaa mdomoni asije akapiga chafya au kutema mate katika unga, na afunge utepe kwenye kipaji ili jasho lisidondoke. Anyoe malaika ya mikono. Mchana asimame mtu kando yake na mwengo wa kufukuzia nzi. Na waokaji wachunguzwe wasije wakachanganya katika unga wa ngano unga wa vitu vyengine vya rahisi.

Hapana ajabu katika hayo. Mnunuzi wa mkate haoni unga ulipokuwa unakandwa. Yeye huona mkate umekwisha iva, na yote yaliyopita kabla yake hana budi kuyaamini.

Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwafukuza Mayahudi katika nchi yao. Sultani Bayezid wa Pili wa Dola ya Uthmaniya aliwafungulia milango, wakakaa Istanbul, Salonika na Izmir. Walichukua mapishi ya Andalus wakayachanganya na ya Waturuki. Boreka zao, zenye jibini au biringani ndani, ni jamaa wa karibu wa börek ya Kituruki, na mwenye kuijua sambusa hataziona ngeni.

Jambo moja katika mapishi ya hao waliotoka Hispania linatufaa sana katika makala haya. Kwa kuwa siku za Pesah hawawezi kutumia unga ulioumuka, walizoea kufanya keki na vitamutamu kwa lozi na jozi zilizosagwa, mayai na sukari, bila ya chembe ya unga. Keki ya lozi na machungwa yaliyochemshwa mazima kisha yakapondwa imejulikana duniani kwa kitabu cha mapishi ya Mashariki ya Kati cha mwaka 1968 cha bibi Claudia Roden, aliyezaliwa Cairo katika jamaa ya Kiyahudi. Watu hao hawakuwa wakifikiria maradhi yoyote. Walikuwa wakikimbia hamira, na kwa kukimbia hamira wakaacha nyuma yao chakula ambacho mgonjwa wa ngano anaweza kukila kwa salama.

Na jirani zetu wa Yaman je? Mayahudi wa huko walikuwa na kubaneh, mkate unaofungiwa ndani ya chungu chenye kifuniko ukaachwa motoni usiku kucha wa Ijumaa, kwa kuwa siku ya Sabato hawawashi moto. Walikuwa pia na lahoh, chapati ya maji yenye vishimo upande mmoja, ambayo Waislamu wa Yaman na Wasomali huipika vile vile na wengi huitia mtama. Mwaka 1949 na 1950 Mayahudi wa Yaman wapatao 49,000 walichukuliwa kwa ndege kutoka Aden kwenda Israil, na mikate yao ikaenda pamoja nao. Mayahudi wa Uhabeshi nao walikuwa wakila injera ya tefu kama jirani zao wote, na tefu si ngano wala haina dhara ya ngano.

BAGEL NA UGOMVI WA MASHINE

Huko Ulaya ya Mashariki mkate uliopata sifa ni bagel, mkate wa duara wenye tundu katikati. Sifa yake ni kuwa huchemshwa kwanza ndani ya maji, kisha ndio huokwa, kwa hivyo ngozi yake hung'ara na nyama yake huwa ngumu ya kutafunwa. Kanuni za jamii ya Mayahudi wa Kraków, Polandi, za mwaka 1610 zinaitaja bagel katika zawadi za kumpelekea mwanamke aliyejifungua. Baina ya mwaka 1881 na 1924 Mayahudi kiasi cha milioni 2 walihamia Marekani, na bagel ikaenda nao New York.

Lakini kisa kilicho na mafunzo zaidi ni cha mashine ya matza. Mwaka 1838 mtu mmoja wa Alsace, Ufaransa, jina lake Isaac Singer, alibuni mashine ya kusukumia donge. Mwaka 1859 ukazuka ugomvi mkubwa baina ya wanazuoni. Rabi Shlomo Kluger wa Brody alikataza. Alisema vipande vya donge vinaweza kunasa katika meno ya chuma vikakaa mpaka vikaumuka, na kwamba mashine haina nia, hali ibada inataka nia. Akaongeza hoja ambayo ndiyo iliyogusa nyoyo za wengi: wanawake mafukara na wajane walikuwa wakipata ujira wa kusukuma matza kabla ya idi, na ujira huo ndio waliokuwa wakinunulia mahitaji yao ya idi. Rabi Yosef Shaul Nathanson wa Lwów akajibu kwamba mashine ni safi kuliko mikono iliyochoka, na kwamba tukizuia kila chombo kwa sababu ya ujira wa watu, tungeliwazuia hata wachapaji wa vitabu kwa ajili ya wanakili. Mwishowe mashine ilishinda katika nyumba nyingi. Mwaka 1888 kilifunguliwa kiwanda cha Manischewitz mjini Cincinnati, na matza ikawa kitu cha bokisi. Lakini mpaka leo wako wasiokula usiku wa Pesah ila iliyookwa kwa mkono mbele ya macho ya mtu wanayemwamini.

MARADHI YA NGANO

Sasa tuingie katika upande wa pili. Tabibu wa Kiyunani, Aretaeus wa Kapadokia, zamani sana, aliwaeleza watu ambao chakula kinapita matumboni mwao bila ya kuwafaa. Mwaka 1887 tabibu Samuel Gee wa London alitoa hotuba juu ya watoto wenye maradhi hayo: wamekonda viungo, matumbo yamevimba, choo ni kingi na kina mafuta. Alisema kuwa ikiwa iko njia ya kuwaponya basi ni chakula. Chakula gani, hakukijua. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York akawalisha watoto hao ndizi, na wengi wakapata nafuu. Akadhani ndizi ndiyo dawa. Kumbe nafuu yao ilitokana na mkate waliokatazwa. Waliporudishiwa mkate, maradhi yalirudi.

Aliyeijua sababu ni tabibu wa watoto wa Kiholanzi, Willem Karel Dicke, wa mji wa The Hague. Tangu kabla ya vita vikuu vya pili alikuwa akishuku ngano. Kisha likaja baa. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 Wajerumani walizuia chakula kisiingie magharibi ya Uholanzi. Watu walikula mizizi ya maua, na waliokufa kwa njaa walizidi 20,000. Mkate ukakosekana. Watoto wote wakadhoofika, lakini watoto wa Dicke wenye maradhi ya matumbo hawakuzidiwa kama ilivyotazamiwa, na mkate uliporudi wakarudi kuugua. Hapo ile shaka yake ikapata nguvu. Alipima, akaandika, akatoa kitabu chake cha shahada mwaka 1950, na mwaka 1953 yeye na wenziwe wa Utrecht wakaonyesha kuwa chenye kudhuru ni kitu kilichomo ndani ya gluteni.

Gluteni ni nini? Ni ule utelezi unaovutika unaouona unapokanda unga wa ngano, ndio unaoshika pumzi za hamira mkate ukafura. Imo katika ngano, shayiri na rai. Kwa mtu mwenye maradhi haya, yaitwayo siliaki, kinga ya mwili wake hufanya ghadhabu kila gluteni inapofika katika utumbo mwembamba. Humo mna vijidole vidogo mno vinavyonyonya chakula, navyo hulala na kusagika. Mtu hula na asishibe mwili. Wengine huharisha, wengine hupungukiwa na damu, watoto hudumaa, na wengine huugua miaka bila ya kujua. Hesabu za wataalamu ni kiasi cha mtu 1 katika kila 100 duniani. Hayaambukizi, na dawa yake mpaka sasa ni moja: kuacha gluteni maisha.

Na usidhani haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 1999 ilichapishwa khabari ya watoto wa Kisahrawi, Waislamu wa Sahara ya Magharibi walioko katika makambi ya wakimbizi huko Algeria. Walipopimwa, kati ya kila watoto 100 walikutwa 5 mpaka 6 wana maradhi haya, idadi kubwa kuliko zote zilizokuwa zikijulikana. Wazee wao walikuwa watu wa maziwa ya ngamia, nyama na tende. Baadaye ngano ikawa ndiyo chakula chao kikubwa, khasa unga wa misaada. Fikiri, ndugu yangu: mtu anapokea msaada kwa shukrani, na ndani ya mfuko mna kitu kinachomdhoofisha mwanawe.

SHERIA ILIPOKUTANA NA MGONJWA

Myahudi mwenye siliaki afanyeje usiku wa matza? Kanuni yao kubwa ni kwamba kuhifadhi roho kunatangulia takriban amri zote. Musa bin Maymun, tabibu na mwanachuoni wao aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kwa ukali dhidi ya wanaosita kuivunja Sabato kwa ajili ya mgonjwa aliye khatarini. Nasi katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 173, tumefundishwa kuwa mwenye dharura hana dhambi. Lakini marabi hawakutosheka na kumwambia mgonjwa kuwa amesamehewa. Walitafuta katika zile nafaka 5, wakaona oti haina gluteni kama ya ngano. Ila oti za kawaida huchanganyika na ngano shambani na kinuni. Basi zikapatikana oti zilizolimwa na kusagwa mbali na ngano, na huko Uingereza zikaanza kuokwa matza za oti kwa ajili ya wagonjwa. Wako wanazuoni wasiokubali kuwa oti ndiyo ile nafaka ya kale, na wako wagonjwa wachache ambao hata oti safi hawaiwezi. Lakini walio wengi walipata njia ya kukaa mezani na jamaa zao.

Tazama ilivyokuwa, ndugu msomaji. Ule ulinzi wa kale wa shmura ndio ulioifanya kazi hii iwezekane. Watu waliozoea karne nyingi kusimama juu ya nafaka wakaizuia isiguswe na tone la maji, hawakuona tabu kusimama juu ya oti wakazuia isiguswe na chembe ya ngano.

VIPI KUMJUA MWOKAJI MWEMA

Wewe uliye ugenini, au mwenye jamaa ugenini, yashike haya.

Kwanza, usichanganye maneno mawili. Alama ya kuwa kitu kinafaa kwa Pesah maana yake hakina hamira iliyoharamishwa. Haina maana kuwa hakina ngano. Matza ya kawaida ni ngano tupu, na keki nyingi za Pesah hufanywa kwa unga wa matza iliyosagwa. Lakini wako Mayahudi, khasa Mahasidi, wasiokula matza iliyolowa maji siku hizo, na vitu vyao vya kuoka huwa vya lozi, nazi na wanga wa mbatata. Hivyo mara nyingi vinamfaa mgonjwa. Hata hivyo soma kilichoandikwa.

Pili, uliza kama katika chumba hicho huokwa pia mikate ya ngano. Unga huruka hewani, hukaa juu ya meza na ndani ya chekeche. Duka lenye tanuri moja la yote mawili si mahali pa mgonjwa, hata mwenye duka awe na uso mkunjufu namna gani. Kanuni za kimataifa za chakula tangu mwaka 2008 zimeweka mpaka: kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo 1. Marekani iliuchukua mpaka huo mwaka 2013. Miligramu 20 ni chembe chache za unga katika kilo nzima, basi pima mwenyewe khatari ya mkono usiooshwa.

Tatu, jihadhari na majina. Ile spelt ni ngano. Semolina, yaani suji, ni ngano. Bagel ya asili hutiwa kimea cha shayiri katika donge au katika maji ya kuchemshia, na shayiri ina gluteni.

Nne, ujue ugumu wa kazi yenyewe. Challah na bagel hutegemea ule mvutiko wa gluteni. Anayetaka kuzifanya bila ya ngano huchanganya unga wa mchele, wanga wa muhogo, mayai, na maganda ya isabgol, ile dawa ya kulainisha tumbo, kwani yakilowa huvutika yakashika donge. Mkate huo hukauka upesi. Kwa hivyo mwokaji mwema huoka kila siku, na mnunuzi mwema huula siku ile ile. Maduka ya namna hii yamepatikana. Mfano ni By the Way Bakery, lililofunguliwa mwaka 2011 huko Hastings-on-Hudson karibu na New York, likaoka bila ya gluteni na kwa kufuata sheria za Kiyahudi.

Tano, kwa Mwislamu: chakula cha Ahlul-Kitab tumehalalishiwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 5, na waokaji wanaofuata sheria za Kiyahudi hawatii mafuta ya nguruwe. Lakini mvinyo kwao si haramu, na katika keki unaweza kutiwa. Uliza.

KWETU PWANI

Tumekwenda mbali, sasa turudi majikoni kwetu. Mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa sinia, ni mchele, tui, sukari, iliki na ute wa mayai. Vitumbua na vibibi ni mchele. Mkate wa mofa ni wa mtama. Bajia ni za dengu au kunde. Hizi zote asili yake hazina ngano, na bibi zetu walizipika bila ya kumwomba mtu ruhusa. Siku hizi baadhi ya watu huziona ni vyakula vya kizamani, na boflo la dukani ndilo linalopewa heshima ya mgeni. Mtoto wa siliaki angelizaliwa katika nyumba ya bibi wa mofa, angelipata cha kula bila ya kununua kitu cha bokisi kwa bei ya ghali.

Ila hapa pana sharti. Mama atiaye kijiko cha unga wa ngano katika mkate wa kumimina ili ushikamane, asimwambie mgonjwa kuwa ni mchele mtupu. Muuzaji aliyekaanga vitumbua katika mafuta yaliyokaangwa maandazi, aseme. Tumepokea katika Hadithi kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa na juu kukavu, akamkemea mwenyewe na kumtoa mwenye kughushi katika jamaa yake. Lundo lile lilikuwa ni chakula cha kawaida cha watu wazima. Je, vipi yule anayeghushi chakula cha mgonjwa?

Na ukiwa na mtoto ambaye tumbo halimpoi, usimkataze ngano kwa kudhani tu. Mpeleke kwa daktari naye bado anakula mkate, kwani damu hupimwa vyema wakati gluteni ingalimo mwilini. Ikithibitika, mwambie jirani, mwambie mwalimu wa chuo, waambie wenye shughuli na maulidi. Asipewe kaimati kwa huruma. Na asichekwe akikataa, kwa kuambiwa kuwa anadeka au anaringa.

Mayahudi waliweka mlinzi juu ya ngano yao kwa ajili ya usiku mmoja katika mwaka. Mtoto huyu anahitaji mlinzi siku zote 365, na mlinzi huyo ni wewe unayempikia.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu katika vyakula tunavyowapa watu, na awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.

Wallahu aalam.